Chupa Mbili za Mtu Mmoja

Mke wangu anafanya kazi ambayo watu wakiisikia hucheka kwanza, halafu ndipo wanauliza. Anakusanya mikojo. Jioni anapita nyumba hadi nyumba akigawa vichupa vya plastiki, na asubuhi anarudi kuvichukua vikiwa vimejaa, anavipanga kwenye sanduku la barafu na kuvipeleka maabara. Mtaa mzima unamwita Mama Chupa. Mwanzoni jina hilo lilimchoma. Siku hizi ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, anageuka kutazama nyuma, kama vile anayeitwa ni mtu mwingine.

Zamani alikuwa mfagizi wa maabara hiyo hiyo. Kisha maabara ikapewa kazi ya kuchunguza kama dawa ya kuua magugu inayopuliziwa kwenye mashamba ya mboga inaingia kwenye miili ya watu wanaoishi jirani. Dawa hiyo ikishakuwa kidogo haina rangi wala harufu, kwa hiyo lazima itafutwe kwa mashine, kwenye maji, kwenye chakula na kwenye mkojo. Maji na mboga vilipatikana bila taabu. Mkojo ndio uliokuwa shughuli. Vijana wa maabara walibisha hodi na makoti yao meupe, na wewe fikiria, mtu usiyemjua amesimama mlangoni asubuhi, anasema, "Shikamoo mama, naomba mkojo wako." Milango ilifungwa. Si kwamba vijana wale hawakujua kazi. Wao ndio hawakujulikana. Mkuu wa maabara akauliza ni nani anayeishi upande ule, na mke wangu akaegemeza ufagio ukutani.

Alianza na utaratibu wake mwenyewe. Mwisho wa kila safu ya vyumba aliweka kikapu chenye mfuniko. Kila mtu alifunga kichupa chake kwenye gazeti na kukitumbukiza humo mwenyewe, kwa wakati wake. Mke wangu alikuja kukibeba kikapu bila kukifunua mbele ya watu, na hakumwuliza mtu kitu. "Haja ya mtu haina mashahidi," alisema. Kwa njia hiyo hata wazee wenye aibu walikubali. Tatizo lake kubwa siku za mwanzo lilikuwa ukarimu. Bibi mmoja alihamishia wake kwenye chupa nzuri ya kioo iliyokuwa ya asali, eti mgeni wa heshima hapewi kitu kwenye plastiki. Ilibidi mke wangu akae naye kitako, amweleze kwamba dawa ya magugu hung'ang'ania kioo, ikabaki ukutani mwa chupa, na mashine ikadanganyika kwamba haimo.

"Kwa hiyo nitoe tena?" bibi akauliza.

"Kesho asubuhi, bibi. Ule wa kwanza ukiamka."

"Haya. Maana leo nimekupa wote."

Mimi ni fundi viatu, na maabara ile niliwahi kuingia mara moja tu, nikipeleka viatu vya mtaalamu wao nilivyokuwa nimevibadilisha soli. Mtaalamu huyo ni dada mmoja mwembamba ambaye mke wangu humwita Binti Miwani. Nilitaka kuviacha mlangoni niondoke, lakini aliniita ndani akanionyesha. Alisema kwanza mashine inapewa maji matupu, yale safi kabisa, ili ionekane kama yenyewe haijachafuka. Kisha inapewa maji yaliyotiwa dawa kidogo kwa makusudi, ili ijulikane kama bado inaona. Ndipo zinapofuata chupa za watu. Kila mkojo huchujwa, na dawa iliyomo huvishwa kemikali nyingine, kama unavyomvisha mtu koti jekundu ili umwone kwenye umati. Halafu unapitishwa kwenye mrija mwembamba uliojazwa vumbi gumu, ambamo kila kitu kinatoka kwa zamu yake, na mwishoni mashine inakipima uzito. Kwenye kioo cha kompyuta vinatokea vilima. Kilima kikikaa mahali pa dawa, dawa imo. Kikiwa kirefu, imo nyingi. Niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa yote. Nilielewa nusu, na nusu hiyo ilinitosha.

Kijana wetu wa pili anafanya kazi kwenye shamba mojawapo la mboga. Hubeba bomba la kupulizia mgongoni tangu asubuhi, na wenzake wanamwita Bomba. Anaishi na mkewe kwenye safu ya vyumba iliyopakana na shamba, na wakati huo mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshaanza kumtangulia. Mke wangu alitaka kuiruka nyumba ile. Aliona haya kumwomba mwanawe mkojo, sembuse mkwewe. Mkwe mwenyewe ndiye aliyemfuata.

"Mama, mbona chupa zinapita kwa majirani, kwetu hazifiki?"

"Mwanangu, wewe ni mkwe wangu. Nitakuombaje kitu kama hicho?"

"Hukuniomba. Mimi ndiye ninayeomba. Nataka kujua mtoto wangu anakunywa nini humu ndani."

Mke wangu akawapa chupa mbili, yake na ya mumewe, kila moja na namba yake.

Majibu yalipotoka yalimkosesha usingizi. Chupa ya mkwe wetu ilikuwa na kilima kirefu. Chupa ya Bomba, mtu anayeshinda na dawa mgongoni, ilikuwa safi kama maji ya mvua. Binti Miwani aliirudia mara ya pili, ikaja vile vile.

Basi pale maabara wakapiga hesabu ambayo mtu yeyote angeipiga. Kama anayepulizia hana dawa, na anayekaa nyumbani anayo, dawa inatoka nyumbani. Nyumbani kuna nini? Kuna kisima. Kisima kile kiko hatua chache kutoka vyumbani na kinategemewa na safu nzima. Maji yake yalishapimwa na hayakuonekana na kitu, mboga wanazonunua pia, lakini afisa wa maji alisema kisima kinaweza kuwa safi wakati wa jua na kikachafuka mvua ikinyesha. Akashauri kifungwe hadi mvua zipite, kipimwe upya. Kikafungwa. Wanawake wakaanza kwenda bombani, ng'ambo ya barabara kubwa, kupanga foleni na ndoo.

Mvua zilikuwa bado mbali. Mtoto alikuwa karibu. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana ni kiasi gani cha dawa hiyo kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini sikumsikia hata mmoja akisema kinamfaa. Mke wangu alirudi nyumbani siku ile akakaa kwenye kigoda changu cha kazi bila kuvua viatu.

"Nimemwona mkwe wako njiani," akaniambia. "Ndoo kichwani, tumbo mbele, mkono kiunoni. Na kama si kisima, Baba watoto? Kama si kisima, anachoka bure, na sumu inaendelea kuingia mlango mwingine."

Nilimvua viatu.

Muda si mrefu Binti Miwani akamwita. Baadaye mke wangu alinisimulia maneno yao neno kwa neno, maana yeye akisimulia huigiza mpaka sauti.

"Mama, kaa. Unajua kwenye kila mkojo tunapima pia uchafu unaotoka kwenye misuli, ili tujue mtu alikunywa maji mengi au kidogo. Kila mtu ana kiasi chake, na kila asubuhi kinabadilika. Sasa tazama. Namba hii na namba hii, sawasawa. Sawasawa kabisa."

"Labda ni ndugu."

"Hata pacha hawafanani hivi. Na si hicho tu. Kuna kilima kingine hapa pembeni ambacho hatukukitafuta. Ni dawa ya mafua. Kiko kwenye chupa zote mbili, kimo kile kile. Mama, hizi ni chupa mbili za mtu mmoja."

Mke wangu akatazama namba. Ya kwanza ilikuwa ya Bomba. Ya pili ilikuwa ya mlinzi wa geti la shamba, rafiki mkubwa wa Bomba, ambaye wanamwita Jicho kwa sababu anajisifu kwamba hulala na jicho moja wazi. Na Jicho wiki ile alikuwa akipiga chafya mpaka mbwa wa shamba wanabweka.

Mkuu wa maabara alipopata habari alitaka kuanzia sasa mtu asimame mlangoni mwa choo. Alisema sehemu nyingine hufanyika hivyo, na ni kweli. Mke wangu akamwomba ampe nafasi kwanza.

"Nikisimama mlangoni mwa choo leo," alimwambia, "kesho sina mlango wa kubisha. Mtu ameficha kwa sababu ana woga. Niache nikautafute woga wenyewe."

Siku iliyofuata nilikuwa na buti za Jicho za kurudisha, nilizozishona pembeni. Tukaenda pamoja. Tulimkuta getini, shingo imefungwa shali, kikombe mkononi.

"Karibu mzee, karibu Mama Chupa," akasema kwa sauti ya puani.

"Pole na mafua, Jicho."

"Yanaisha, yanaisha."

"Nimekuja kukupa hongera."

"Hongera ya nini tena?"

"Umejifungua. Mkojo wako umezaa pacha, na wote wawili wana mafua."

Jicho alipaliwa na chai. Nilimpiga mgongoni mpaka akapata pumzi. Alinitazama mimi, akatazama buti, akatazama chini. Mtu mzima akiona haya huwa mdogo ghafla.

"Mama, mimi sikutaka," akasema. "Rafiki akikuomba pesa unaweza kusema huna. Akikuomba mkojo utasema huna?"

"Kwa nini alikuomba?"

"Shambani kumesemwa kwamba atakayekutwa na dawa mwilini anaachishwa. Msimamizi amesikika akisema hataki wagonjwa. Yule ana mtoto njiani, Mama. Nikaona ni jambo dogo. Kichupa tu."

"Na kisima kilipofungwa?"

Jicho alizungusha kikombe mkononi. "Hapo nilimwambia aseme," akasema hatimaye. "Akasema atasema. Kila siku anasema atasema."

Kutoka getini mpaka kwenye vyumba si mbali, lakini mke wangu alitembea polepole kuliko kawaida yake. Nilijua anachowaza. Chupa zina namba ili siri ya mtu ibaki yake, na sasa siri ilikuwa ya mwanawe, na anayeumizwa nayo ni mkwewe. Mwishoni aliamua hatasema yeye. Bomba mwenyewe ndiye atakayesema.

Tulimkuta Bomba uani ameketi kwenye tofali, ametoka kazini, ovaroli bado mwilini. Mkewe alikuwa ndio kwanza anatua ndoo. Mke wangu hakukaa.

"Mwanangu, nimetoka kwa Jicho."

Bomba alinyanyuka nusu, akarudi kuketi. Mkewe alisimama na kata mkononi, akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna nini?" akauliza.

Kuku akapita katikati yetu kama mwenye nyumba.

"Mwambie mkeo," mke wangu akasema, sauti ya chini. "Mimi sitamwambia. Majibu hayaendi shambani, hayajawahi kwenda, na hayataenda. Namba ninaijua mimi na maabara. Hilo la kufukuzwa ni maneno ya getini. Lakini mtoto huyu hasubiri. Mficha uchi hazai, wewe unataka kuzaa na huku umefunika."

Bomba akasema. Alisema akitazama vidole vyake vya miguu, kwa maneno machache, jinsi mimi mwenyewe ningesema. Chupa haikuwa yake. Ilikuwa ya Jicho. Aliogopa kazi. Kisima kilipofungwa aliogopa zaidi, kwa kuwa sasa watu wote walikuwa wanateka mbali kwa ajili yake, na kila siku aliyonyamaza ilifanya siku ya kusema kuwa nzito.

Mkwe wetu hakupiga kelele. Aliitundika ile kata mahali pake, akaishika ndoo aliyotoka nayo ng'ambo ya barabara, akaiweka mbele ya miguu ya mumewe.

"Ibebe," akasema.

"Wapi?"

"Popote. Zunguka nayo uani. Nataka uone ilivyo."

Akaibeba. Akazunguka ua mara kadhaa, ovaroli inamwagikiwa maji, na majirani wawili waliokuwa wanachungulia wakaanza kucheka, na baadaye mkwe wetu pia akacheka huku machozi yanamtoka. "Wewe mwanamume," akamwambia, "mimi nilidhani ninakunywa sumu kwenye glasi, kumbe nimelala nayo."

Hapo ndipo mke wangu akamtazama mwanawe vizuri. Akatazama ovaroli. Mapajani na mgongoni, pale bomba linapovuja, kitambaa kilikuwa kimekakamaa na kubadilika rangi.

"Hii inafuliwa na nani?"

"Mimi, Mama," mkwe akasema. "Kila siku akirudi. Ninailoweka kwanza, maana ni ngumu."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono. Kwenye beseni lile."

Beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani, jekundu, na ndani yake kulikuwa na majani machache ya mboga yaliyobaki tangu asubuhi zilipooshwa. Sidhani kama yeyote kati yetu alihitaji mashine, ila Mama Chupa ni mtu wa maabara, na mtu wa maabara hasemi kabla ya kupima. Aliomba ovaroli ilowekwe kama kawaida. Safari hii aliiloweka yeye mwenyewe, kwa glovu, akajaza kichupa kwa maji yale. Akawaachia wawili wale chupa mpya za asubuhi. Jicho naye alileta yake upya, bila kuombwa, akaapa mbele ya watu kwamba ni moja tu.

Majibu yalikuja yamenyooka. Chupa ya Bomba ilikuwa na kilima kirefu kuliko zote za safu ile, ya mkewe ikiifuata kwa mbali, ya Jicho haina kitu. Na maji ya beseni, Binti Miwani alisema, ilibidi ayazimue mara nyingi kwa maji safi kabla ya kuyapima, kilima kisije kikatoboa juu ya kioo. Dawa ilikuwa haitoki kisimani. Ilikuwa inarudi nyumbani kila jioni imevaliwa, inalowekwa, inapita kwenye mikono ya mke na kwenye chombo cha kuoshea chakula.

Afisa wa maji alikifungua kisima. Alipima tena kwanza, akafanya vizuri. Beseni jekundu lilitobolewa chini kwa msumari wa moto ili asije mtu akalitumia. Kazi ya shambani ilikuwa ngumu zaidi. Msimamizi aliposikia wapuliziaji wanataka mahali pa kufulia na kuoga kabla ya kutoka, alisema shamba si hoteli. Mke wangu hakugombana naye. Alimpelekea kichupa kitupu na gazeti lake, akamwambia naye ana haki ya kujua, kwa kuwa ofisi yake iko karibu na stoo ya dawa. Alikichukua kwa kejeli. Alikirudisha kikiwa kimejaa. Sijui majibu yake yalisemaje na mke wangu hajaniambia, hata nilipomtania. Namba ni namba. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo mafundi walivuta bomba la maji mpaka nyuma ya stoo, wakajenga karo la kufulia na kibanda cha kuogea, na mabomba ya mgongoni yanayovuja yakaletewa mipira mipya. Ovaroli hazitoki tena getini. Jicho ndiye anayehakikisha, na kwa hilo macho yake yote mawili hufunguka.

Wiki kadhaa zikapita. Mkwe wetu akatoa chupa nyingine, na siku ya majibu sote tulikuwa uani kwao, mimi nikijifanya nimekuja kupima kisigino cha kiatu kilichokuwa kizima. Mke wangu alifika na karatasi, akaikunja, akasema bila kuitazama.

"Yako, mwanangu, mashine haikuweza kuitofautisha na maji matupu."

"Maana yake hakuna?"

"Maana yake, kama imebaki, ni kidogo kuliko macho ya mashine. Binti Miwani hapendi kusema hakuna. Lakini amecheka aliponipa, na yeye si mtu wa kucheka."

"Na yangu?" Bomba akauliza.

"Yako imeshuka zaidi ya nusu. Vaa glovu zako na zile buti ndefu, itashuka tena. Utatoa kila mwezi."

"Kila mwezi nitaanza kuona haya, Mama."

"Ona haya, lakini jaza."

Mkwe wetu alipapasa tumbo, mkono unakwenda na kurudi. Kisha akajishika magoti kutaka kuinuka, akasema maji ya kupikia yamekwisha na sasa kisima kiko hapo hapo, atateka mara moja arudi.

"Kaa," mumewe akamwambia.

Akazichukua ndoo mbili akatoka. Pale kisimani wanawake walikuwa wamejaa, na walipomwona mwanamume anakuja na ndoo mkono huu na huu wakaanza kumpigia vigelegele na kumwuliza kama mimba imehamia kwake. Alipanga foleni nyuma ya bibi wa chupa ya asali, akatulia, akasubiri zamu yake.